Maji ya bwawa la topesumu yanaharibu flotesheni ya shaba na dhahabu kila kiangazi: tuanzie wapi?

Mchenjuaji_KZ

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua flotesheni (kuelesha madini kwa povu) ya salfaidi, hasa upande wa maji.

Mtambo uko Kanda ya Ziwa, unasaga tani 20 kwa saa. Mawe ni kalkopairaiti na pairaiti, na sehemu ya dhahabu iko huru. Yanaingia na shaba asilimia 0.9 na dhahabu gramu 3 kwa tani. Tunasaga hadi asilimia 80 ipite maikroni 106. Tope la rafa (seli za kwanza za flotesheni) lina yabisi asilimia 30 kwa uzito. pH 10.8 kwa chokaa, SIPX (zanthati, ndiyo kolekta yetu ya kushikisha madini kwenye viputo) gramu 35 kwa tani, MIBC (dawa ya povu) gramu 20 kwa tani.

Masika, maji ya kurudi yakiwa kama asilimia 45 ya maji yote, rikavari (sehemu ya madini tunayoipata) ya shaba ni asilimia 91 na ya dhahabu 86, makinikia yana shaba asilimia 21. Kiangazi maji ya bomba la ziwa yanapungua, ya kurudi yanafika asilimia 85. Hapo shaba inashuka hadi 82, dhahabu 74, makinikia asilimia 15. Povu linakuwa zito, linanata kwenye mfereji na halivunjiki. Chokaa imepanda kutoka kilo 0.9 hadi 1.9 kwa tani.

Vipimo vya maji ya kurudi kiangazi:

pH 8.1
EC (upitishaji umeme) 3,600 µS/cm
Kalsiamu 590 mg/L
Magnesiamu 85
Sodiamu 200
Salfati 1,750
Kloridi 210
Alkalini 160 kama CaCO3
Sayanaidi ya WAD (iliyo huru na iliyoshikwa kidogo na metali) 6.5
Shaba iliyoyeyuka 3.8
Yabisi zinazoelea 140

Maji ya ziwa yana EC ya 110 na alkalini 50 hivi.

Ieleweke kwamba tuna pia laini ya CIL (kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi na kuikamata kwa kaboni) ya mawe mekundu, na mabaki ya laini zote mbili yanaingia bwawa moja. Uongozi unataka kolekta ipande hadi gramu 60 kwa tani. Mimi nahisi tatizo ni jasi. Nani yuko sahihi?

---

Tope_na_Povu

Mkuu, umeleta vipimo kamili, wengi huleta pH peke yake wakitaka tiba.

Kabla ya kuvitumia nimevipima kwa mizania ya chaji. Chanya: kalsiamu 29.4, magnesiamu 7.0, sodiamu 8.7, jumla 45.1 meq/L. Hasi: salfati 36.5, kloridi 5.9, alkalini 3.2, jumla 45.6. Tofauti ni chini ya asilimia 2, kwa hiyo maabara yenu imefanya kazi nzuri. Ingezidi asilimia 5 ningekuambia urudie kupima kabla ya kubadili chochote mtamboni.

Usipandishe zanthati kwanza. Jibu mambo mawili:

1. Makinikia ya kiangazi yana uchafu usioyeyuka kwenye asidi kiasi gani, ukilinganisha na ya masika? Yaani ubora unashushwa na silika au na pairaiti?
2. pH ya seli ya kwanza ya rafa na ya seli ya mwisho ni ngapi? Pima kwa pH mita ya mkono iliyokalibriwa, usisome kwenye skrini.

---

Mchenjuaji_KZ

Asante mkuu. Uchafu usioyeyuka: masika asilimia 9, kiangazi 35. pH kwa mita ya mkono: seli ya kwanza 11.0 wakati skrini inasoma 10.8, seli ya mwisho 11.4.

---

Tope_na_Povu

Basi una matatizo matatu yaliyovaa nguo moja. Tuyatenganishe.

Ubora. Fanya hesabu ya uzito. Masika makinikia ni kama asilimia 3.9 ya mawe yaliyoingia, kiangazi 4.9. Silika na wenzake: asilimia 9 ya 3.9 ni 0.35, asilimia 35 ya 4.9 ni 1.72. Karibu mara tano. Pairaiti, ukiipata kwa kutoa kalkopairaiti na uchafu, imetoka 1.18 hadi 1.07, yaani imepungua kidogo. Kwa hiyo kinachoshusha ubora si pairaiti iliyoamka. Ni vumbi la mawe linalobebwa na maji kuingia kwenye povu.

Sababu ni chumvi pamoja na masalia ya MIBC. Maji yenye ayoni nyingi huzuia viputo visiungane. Viputo vinabaki vidogo, povu linashika maji mengi, na maji hayo yanabeba silika laini. Salfati ya kalsiamu na ya magnesiamu hufanya hivyo hata zikiwa chache majini kuliko chumvi ya mezani inayohitajika. Raglan, kaskazini mwa Quebec, maji yao yana chumvi nyingi kiasi kwamba wanafloti nikeli bila dawa yoyote ya povu. Ninyi hamjafika huko, lakini gramu 20 za MIBC juu ya maji ya EC 3,600 ni nyingi. Punguza gramu 2 kila zamu, ukiangalia rikavari ya rafa, mpaka 10 au 12. Kina cha povu la klina (seli za kusafisha makinikia ya rafa) kiongezeke, kama ni sentimita 15 kipeleke 25.

Rikavari ya dhahabu, na sehemu ya shaba. Hapa ndipo sikubaliani na wewe kuhusu jasi kuwa mkosaji mkuu. Tope la asilimia 30 lina maji mita za ujazo 2.33 kwa tani. Asilimia 85 ya hayo ni mita 2 kasoro kidogo. Zidisha kwa WAD 6.5: unapata gramu 13 za sayanaidi kwa kila tani. Ukiigeuza kuwa sodiamu sayanaidi ni gramu 24 kwa tani. Hicho ni kipimo kamili ambacho watu wa risasi na zinki hununua na kudozi kwa makusudi ili kuzamisha pairaiti! Ninyi mnakidozi bure bila kujua.

Si yote iko huru. Shaba 3.8 mg/L ni milimoli 0.060, sayanaidi 6.5 ni milimoli 0.25. Kila shaba ikishika sayanaidi tatu, zinabaki milimoli 0.07, sawa na karibu 1.8 mg/L iliyo huru. Inatosha kuisumbua dhahabu. Sayanaidi huvua zanthati kwenye uso wa dhahabu na hata kuanza kuiyeyusha ndani ya kinu, ambako joto na kusuguana kunasaidia. Pairaiti inayobeba dhahabu nayo inazama, na ile kupungua kidogo uliyoiona ndiyo alama yake. Kalkopairaiti inavumilia zaidi, ila punje laini na zilizoshika kutu zinaumia.

Chuja maji ya mkia (mabaki) wa flotesheni, pima dhahabu kwa AAS, mashine ya kupimia metali. Ukikuta 0.05 mg/L tu, zidisha kwa 2.33: gramu 0.12 kwa tani, asilimia 4 ya dhahabu yako inaondoka ikiwa imeyeyuka. Hakuna kolekta itakayoirudisha.

Chokaa. Jasi inahusika hapa, na magnesiamu zaidi yake. Kwenye maji safi, kufika pH 10.8 kunahitaji gramu 23 tu za chokaa iliyozimwa kwa mita ya ujazo. Maji yenu ya kurudi yanadai gramu 118 nyingine kumaliza alkalini ya 160, na gramu 259 kumaliza magnesiamu ya 85, kwa sababu kwenye 10.8 karibu yote inaganda kuwa hidroksidi. Jumla 400 kwa mita. Maji ya ziwa yanadai 60. Ukichanganya kwa uwiano wa masika unapata nusu kilo kwa tani, kwa uwiano wa kiangazi kilo 0.8. Yaani maji yanaeleza kilo 0.3 ya ongezeko lenu la kilo moja. Labda 0.4, kwa kuwa bwawa lenyewe huchujuka masika.

Iliyobaki ni ya kujitakia. Skrini inasoma 10.8 wakati tope liko 11.0, maana yake elektrodi imevaa ganda. Na pH inayopanda kutoka 11.0 hadi 11.4 njiani ni chokaa isiyozimika vizuri, inaendelea kuyeyuka ndani ya seli. Mnazimia chokaa maji gani?

Hidroksidi ya magnesiamu inayoganda ina chaji chanya hata kwenye pH 11, salfaidi zina chaji hasi. Zinakumbatiana, na zanthati inakosa pa kukaa. Maji yenu pia yameshafika ukingoni mwa kushiba jasi. Kila kilo ya chokaa inayoongezwa inasukuma jasi igande kwenye punje, kwenye wavu, kwenye bomba. Na kalsiamu nyingi kwenye pH ya juu inazamisha dhahabu huru, hilo linajulikana tangu zamani. Kwa mawe ya shaba na dhahabu, pH 11.4 ya chokaa ni adhabu.

---

Mkemia_wa_Zamu

Naunga mkono, lakini hesabu za Tope_na_Povu zinabaki dhana mpaka zipite kwenye seli ya maabara. Nitaeleza namna ya kupima ili asitokee mtu wa kubishana kikaoni.

Chukua mawe kwenye mkanda kabla ya kinu, yakiwa makavu, kilo 60 hivi. Ponda yote yapite milimita 2, gawa kwa kigawanyio mifuko ya kilo moja, funga, weka kwenye friza. Usiache mifuko kwenye rafu wiki tatu: pairaiti itashika kutu na utakuwa unapima kutu.

Andaa maji ya aina sita:

A. Maji ya ziwa peke yake.
B. Maji ya kurudi kama yalivyo.
C. Maji ya ziwa uliyoongeza chumvi mpaka kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, salfati na kloridi zilingane na B, bila sayanaidi.
D. Maji ya ziwa uliyoongeza sodiamu sayanaidi 3.4 mg/L, ambayo ni 1.8 ya sayanaidi huru.
E. Maji ya kurudi yaliyovunjwa sayanaidi.
F. Maji ya kurudi yaliyokorogwa na kaboni gramu 5 kwa lita kwa saa mbili, yakachujwa. Kaboni inakamata masalia ya kolekta, MIBC na vitu vya mwani. Inakamata pia sehemu ya sayanaidi ya shaba, kwa hiyo pima WAD tena baada ya kuchuja.

Kila jaribio, saga kwa maji hayohayo. Hili ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi: mtu anasagia maji ya bomba, anafloti kwa maji ya bwawa, halafu anasema maji hayana shida. Uso wa salfaidi unazaliwa ndani ya kinu na maji ya kwanza kuugusa ndiyo yanayoamua. Dawa zisibadilike hata tone. Kusanya povu kwenye dakika 1, 3, 6 na 10, pima uzito ukiwa na maji na ukiwa mkavu ili ujue maji yaliyobebwa. Rudia kila moja mara mbili.

Kusoma matokeo: C ikianguka kama B, kosa ni la chumvi na jasi. C ikifanana na A kwenye rikavari lakini ikawa na silika nyingi, chumvi inaharibu ubora tu. D ikiangusha dhahabu na E ikairudisha, sayanaidi imeshikwa. F ikipunguza povu zito wakati B inalo, ni masalia ya dawa.

Mkia wa B upime pia kwa saizi. Shaba iliyopotea ikiwa chini ya maikroni 20, fikiria matope yanayofunika punje. Ikiwa juu ya 75, fikiria povu na kolekta.

Sampuli za maji: chupa ya sayanaidi weka NaOH ifike pH 12, chupa ya rangi nyeusi, kwenye baridi. Chupa ya metali chuja kwa 0.45 maikroni, weka asidi ya naitriki. Chupa hizo mbili zisikaribiane na lebo zisichanganywe. Asidi ndani ya chupa ya sayanaidi inatoa gesi ya HCN. WAD ya mg/L chache ipimwe kwa asidi ya pikriki. Titresheni ya nitrati ya fedha kwa kiwango hicho inakudanganya.

---

Likasi_Concentrateur

Habari zenu ndugu wa Kanda ya Ziwa. Naongeza ya upande wa Katanga.

Huku mawe mengi yako ndani ya dolomaiti, kwa hiyo kalsiamu na magnesiamu kwenye maji ni wageni wa kila siku. Zamani Kolwezi walipokuwa wakiokota malakaiti kwa mafuta ya mawese, maji magumu yalikuwa balaa maana mafuta yanageuka sabuni ya kalsiamu kabla ya kuona shaba. Zanthati haina ugonjwa huo, ina wa kwake.

Kwa mwenye zinki, mfano mawe ya aina ya Kipushi, angalia shaba kwenye maji kwa jicho kali zaidi. Shaba iliyoyeyuka 3 au 4 mg/L inaingia kwenye sfaleraiti ikichukua nafasi ya zinki, na zinki inapanda pamoja na shaba au risasi. Dawa iende kinuni, si kwenye seli: salfati ya zinki gramu 800 hadi 1,200 kwa tani pamoja na sodiamu metabaisalfaiti gramu 300 hadi 500. Ukiiweka kwenye seli umechelewa.

Kuhusu kulainisha maji kwa magadi ya viwandani: gramu 2.65 za magadi zinaondoa gramu moja ya kalsiamu. Kutoka 590 hadi 100 ni kilo 1.3 kwa mita ya ujazo, kwa mita 2 kwa tani ni kilo 2.6 kwa tani. Hata magadi yakitoka Magadi kwenyewe, Kenya, bei haibebeki kwa mtambo mzima.

Njia iliyo rahisi ni kuacha kupigana na pH. Chile, Centinela wanafloti shaba kwa maji ya bahari, na Las Luces kule Taltal pia. Bahari ina magnesiamu kama 1,300 mg/L, mara kumi na tano ya yenu. Ukipandisha pH ya maji ya bahari kwa chokaa, inakwama karibu na 9.5 hadi 10 kwa sababu magnesiamu inaanza kuganda na kula chokaa yote, na molibdenaiti ndiyo inayoumia kwanza. Dawa yake ni kubaki chini ya hapo na kuzamisha pairaiti kwa metabaisalfaiti. Hesabu ya umumunyifu inakubali: kwenye pH 9.5 maji yanaweza kushika magnesiamu zaidi ya 100 mg/L bila kuganda, kwenye 10 yanashika kama 14, kwenye 10.8 haifiki 1. Kwa hiyo, Mchenjuaji, shusha rafa hadi 9.3, weka metabaisalfaiti gramu 200 hadi 300 kwa tani, chokaa itashuka na dhahabu itapumua.

---

Mkemia_wa_Zamu

Ndugu yangu wa Likasi, kikemia uko sawa kabisa, ila kwa mtambo huu asishushe pH leo. Maji yana sayanaidi. Kwenye pH 9.2 nusu ya sayanaidi huru iko katika umbo la HCN, inayotoka kama gesi. Kwenye 10.8 ni asilimia 2 au 3 tu. Seli za flotesheni zinapulizwa hewa muda wote, ni kama mashine ya kuifukuza gesi ije puani mwa mwendeshaji. 1.8 mg/L ni ndogo, lakini bwawa linabadilika, na siku CIL ikimwaga zaidi hakuna atakayeambiwa. Sayanaidi itolewe kwanza, pH ifuate. Na mpaka hapo, vipima gesi vya HCN viwekwe juu ya rafa na kwenye tangi la maji ya kurudi, vilie kwenye 4.7 ppm.

Kuhusu kuvunja sayanaidi: fanya kwenye mkia wa CIL kabla haujaingia bwawani, ambako iko nyingi kwenye maji machache. Njia ya SO2 na hewa, pH 8.5 hadi 9, tangi lenye hewa ya kutosha, dakika 60 hadi 90. Kinadharia ni gramu 2.46 za SO2 kwa gramu ya sayanaidi, kwa vitendo pangia 4. Mkia ukiwa na WAD 80 mg/L, hiyo ni SO2 gramu 320, yaani metabaisalfaiti karibu gramu 480 kwa mita ya ujazo. Shaba ya kuchochea 20 mg/L, ambayo ni mrututu 80 mg/L. Mkia wenu ukiwa tayari na shaba, punguza au acha. Chokaa iingie pamoja kwa sababu mmenyuko unazaa asidi.

Metabaisalfaiti ikizidi, salfaiti inarudi na maji, inakula oksijeni iliyoyeyuka, na zanthati bila oksijeni haishiki vizuri. Na tiba yenyewe inaongeza salfati na kalsiamu, yaani jasi zaidi. Ndiyo maana mimi naiona detoksi (kuvunja sayanaidi) kama hatua ya usalama. Kwa flotesheni, tiba ya kudumu ni kutenganisha maji.

---

Mchenjuaji_KZ

Wakuu, hii imenifungua. Chokaa tunazimia maji ya kurudi, ndiyo. Maswali mawili: kutenganisha maji kunaanzaje kama bwawa ni moja? Na kiangazi nina mita za ujazo 7 tu kwa saa za maji ya ziwa, nizipeleke wapi?

---

Tope_na_Povu

Kutenganisha hakuhitaji bwawa la pili mara moja. Mkia wa flotesheni upitishe kwenye thikena (tangi la kutuamisha tope), maji ya juu ya thikena yarudi flotesheni moja kwa moja bila kuonana na bwawa. Tope zito la chini ndilo liende bwawani. Thikena ikifika yabisi asilimia 55, kati ya mita 2.33 za maji kwa tani unazirudisha 1.5, na hizo hazina sayanaidi. Maji ya bwawa yaende CIL peke yake. Huko sayanaidi ni akiba, si sumu ya mchakato.

Yana kasoro zake. Maji ya thikena ni mabichi: MIBC, zanthati na thiosalfati havijapata jua wala muda wa kuvunjika. Utalazimika kupunguza dawa za povu tena. Flokulanti (dawa ya kutuamisha tope) isizidi, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa tani inatosha. Ikizidi inarudi na kuunganisha matope na salfaidi kuwa mabonge. Faida yake, maji yanarudi yakiwa bado na pH ya juu, chokaa inapungua yenyewe.

Mita 7 za ziwa zigawe hivi:

Chokaa ya kuzima, mita 0.4. Hii ni ya kwanza. Maji ya kuzimia chokaa yenye salfati zaidi ya 500 mg/L hufunika punje za chokaa kwa jasi kabla hazijapasuka, ndiyo ile pH inayopanda njiani. Ninyi mnazimia 1,750.

Kuyeyushia zanthati na dawa nyingine, mita 0.1 inazidi. Zanthati asilimia 10, maji ya pH 9 au zaidi, imalizike ndani ya siku moja.

Sili za pampu, mita 1.5.

Zilizobaki, mita 5, zote klina: kupunguza uzito wa tope na kunyunyizia mfereji wa povu. Rafa ikivuta asilimia 10 ya uzito, klina inapokea tani 2 kwa saa. Povu la rafa likija na yabisi asilimia 25 lina maji mita 6, ukiongeza 5 unafika asilimia 15, na karibu nusu ya maji ya klina ni ya ziwa. Mita 5 hizohizo ukizimwaga kinuni zinapotea kati ya mita 46 na hutaona tofauti yoyote.

Silikati ya sodiamu ya kutawanya matope ijaribiwe klina tu, baada ya maji ya ziwa kuingia. Kwenye maji ya kalsiamu 590 inaishia kuwa silikati ya kalsiamu na hela imeenda.

---

Likasi_Concentrateur

Mkemia, nimekubali kuhusu HCN, nilisoma kalsiamu nikaruka WAD. Basi mpangilio uwe: thikena na maji tofauti, WAD ya flotesheni ikishuka chini ya 0.5 kwa vipimo vya wiki kadhaa mfululizo, ndipo pH ishushwe kwa hatua za 0.3, metabaisalfaiti ikipanda pamoja nayo.

Tena, kinuni mnatumia mipira gani? Ya chuma cha kawaida inakula oksijeni na kuacha hidroksidi ya chuma juu ya salfaidi, na kwenye maji ya chumvi inaliwa haraka zaidi. Pima oksijeni iliyoyeyuka kwenye kichwa cha rafa. Ikiwa chini ya 1 mg/L, pulizia hewa kwenye tangi la kukoroga dakika 5 hadi 10 kabla ya zanthati.

---

Mkemia_wa_Zamu

Elektrodi za pH: toa, suuza kwa maji safi mbali na tope, loweka kwenye asidi hidrokloriki ya 0.1 M dakika 10. Hiyo inatoa ganda la kabonati. Jasi haisikii asidi, iloweke kwenye EDTA iliyotiwa NaOH kidogo. Kisha kalibri kwa bafa 7 na 10. Nimeona mitambo inakalibri kwa 4 na 7 halafu inaendesha 10.8, hapo kosa la 0.2 halishangazi. Kwenye maji yenu, kiangazi, ni kila zamu.

Na kwa kila zamu mwendeshaji apime EC ya tangi la maji ya flotesheni kwa kalamu ya mkono, aandike pembeni ya rikavari. WAD, shaba, kalsiamu, magnesiamu na salfati kila wiki. Mwezi mmoja wa safu hizo utakuonyesha EC ipi ndiyo inayoanza kuvuta silika kwenye mtambo wenu. Usiazime namba ya mtambo mwingine, mawe hayafanani.